Papai na Gunia la Mchele

Juma alinipigia simu nikiwa nasubiri basi Lewisham, kusini mwa London, na hakunisalimu. Mpemba akikosa kusalimu hiyo ni habari tosha, kwa hiyo nilijua kuna msiba kabla hajautaja. "Bwana Kanti katutoka," akasema, nami nikamsikia akihema. Basi langu likaja, nikaliacha. La pili likaja, nikaliacha pia. Nilizunguka sokoni katikati ya meza za viazi na soksi kama mtu aliyepoteza funguo, nikiwa na hasira ambayo sikuielewa, maana mtu akifa unatakiwa uhuzunike, na mimi nilitaka kubishana naye. Kanti alikuwa mwenye duka la vyakula kule Tooting, Mhindi wa Mwanza, na ndiye aliyenifundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mwaka 1995 alikuwa na nafasi ya kunichagua kuwa mchezaji wake wa kwanza, akaniacha, tena kwa hoja. Hoja hizo nimekuwa nikizijibu kichwani tangu siku ile, nikiwa kazini, nikiwa kanisani, nikinyoa ndevu. Sasa aliyepaswa kunisikiliza ameondoka, na mimi bado sijamaliza kusema.

Asiyeujua mchezo wenyewe asihofu, nitaeleza yale tu yanayohitajika. Kila mwaka timu za kulipwa za Marekani huketi zikachagua vijana kwa zamu, ile iliyoshika mkia ikianza. Miongoni mwa vijana hao kuna mmoja aitwaye mkimbiaji: anakabidhiwa mpira mkononi na kuambiwa apenye katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Ndiye anayeonekana, ndiye ambaye watoto huvaa jezi yake. Lakini pia ndiye anayeangushwa kuliko wote, na haipiti miaka mingi magoti yake yamekwisha. Hapo ndipo ubishi unapoanza, na haujaisha hadi leo: ukiwa na zamu ya mapema, umchukue mkimbiaji, au uchukue yale majitu makubwa yanayomfungulia njia, mkimbiaji umwokote baadaye? Mwanangu, aliyezaliwa hapa na ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, husema jibu linajulikana, ni wazee tu wanaobisha. Mimi humwambia kwamba jibu hilo nililisikia kwa masikio yangu, kupitia tundu la ukuta, nikiwa nimeshika sahani ya bajia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtu wa Bukavu, karatasi zangu zimekubaliwa si zamani, nafua mashuka katika nyumba ya wazee. Sikuweza kutulia. Chumba changu kilikuwa na kitanda, sinki, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, na shifti ikiisha sikutaka kurudi humo, basi nilikuwa napanda basi lolote na kushuka popote. Siku moja nilishuka Tooting kutafuta unga wa muhogo, nikaingia katika duka lenye harufu ya bizari na magunia, nikamkuta mzee mfupi mwenye sweta la kahawia akimfokea mpakuaji: "Polepole bwana! Hayo ni mapapai, si mawe!" Mpakuaji alikuwa Mzungu, hakuelewa hata neno, ila alipunguza mwendo. Nilisimama pale katikati ya maharagwe nikahisi machozi. "Jambo, baba," nikasema. "Niko natafuta unga ya muhogo." Akanitazama juu mpaka chini. "Kiswahili hiki kimevuka ziwa gani?" akauliza, akacheka peke yake, kisha akaniita nyuma ya duka. Kulikuwa na stoo, hita ya umeme, sufuria ya chai ya tangawizi, na televisheni iliyowekwa juu ya katoni za mafuta ya kupikia. Yeye hakula nyama wala samaki, lakini alichukua kopo la dagaa kutoka kwenye rafu yake mwenyewe akanifungulia, uso amegeuza pembeni, akanipa na chapati. Baadaye nilipotoka mbio kukimbilia basi, akatoka mpaka barabarani kunitazama ninavyokimbia. Wiki iliyofuata niliporudi, hakuniuliza hali. Aliniuliza: "Wewe, unajua kukimbia na kitu mkononi?"

Nikawa wa stoo ile kila nilipopata nafasi. Mpwa wake aliyekuwa New Jersey alimtumia kanda za video, nasi tulizitazama huku tumekalia magunia, yeye akisimamisha picha kwa kidole kilichojaa unga wa dengu ili anionyeshe goti la mtu, au bega, au upenyo unaofunguka na kuziba. Timu yake ilikuwa ya ridhaa, ya vijana wa Brixton, Croydon na Tooting, na mwaka uliopita ilikuwa imeshika mkia. Ilikuwa na kitu kimoja ambacho timu nyingine hazikuwa nacho. Katika mchezo huu kocha huamua kila shambulio, na wao hawakuwa na vifaa vya kunong'onezana, walikuwa na koo la Kanti. Alikuwa amewafundisha wachezaji wake maneno ya Kiswahili, akasimama ukingoni akipiga kelele: Kushoto! Katikati! Subiri! Nyuma ya mnene! Wapinzani walitazamana tu. Nilimsikia Mjamaika wa Brixton akiitikia "Haya, baba!" kwa lafudhi ambayo ingemfanya mama yangu aanguke kwa kicheko. Nilikuwa na hamu ya kuingia katika timu ile kuliko nilivyowahi kuwa na hamu ya kitu chochote London. Ofisi zilikuwa zimenichunguza, zimenihoji, zimeniweka kwenye foleni, mwisho zimenikubali, na kukubaliwa si sawa na kutakiwa. Nilitaka mtu mmoja asimame mbele ya wenzake aseme: huyu, huyu ndiye ninayemtaka kwanza.

Vilabu vinne vya upande wetu vilikuwa na desturi ya kugawana wageni, yaani wachezaji wapya. Hata kama kocha ndiye aliyemwokota mchezaji, ilibidi amtie katika chungu kimoja na wengine, kisha makocha wachague kwa zamu kama Wamarekani. Walikutana nyumbani kwa Kanti, Stanmore, kwa sababu mkewe alipika na wake wa wengine hawakupika. Nilivaa suti ya kanisani. Nilipanda treni mpaka Charing Cross, nikachukua treni ya chini ya ardhi ya Jubilee mpaka mwisho wa reli, nikipanga sura nitakayoifanya nikitajwa, maana Kanti alikuwa na zamu ya kwanza, na nani mwingine angemchagua? Makocha walikaa sebuleni. Sisi wageni tuliambiwa tusubiri jikoni, na Mama Nila, mkewe Kanti, hakuwa mtu wa kuacha mikono ikae bure, akatugawia kazi. Mimi nilipewa bajia nizipange kwenye sahani. Kando yangu kulikuwa na mtu aliyejaza mlango, akimenya kiazi kwa kisu kidogo kana kwamba anamnyoa mtoto. Huyo ndiye Juma. Alikuwa ametoka Wete, alikuwa akiwainua wazee vitandani katika nyumba nyingine kama yetu, na alicheza mchezo huu kwa sababu Kanti alimwambia atalishwa.

Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na tundu la ukutani la kupitishia vyakula, lenye kilango cha mbao. Mama Nila alikifungua apitishe achari, Kanti akainama kuipokea, mkewe akamuuliza kwa Kiswahili, maana wale makocha watatu, Terry na wenzake wawili, walikuwa Waingereza: "Zihi ndiye wa kwanza, sivyo? Mtoto wa watu kavaa suti." Jina langu ni Zihindula, ila nyumba ile ililikata. Kanti akajibu bila hata kupunguza sauti. "Mama Nila, biashara haiangalii suti. Mkimbiaji ni papai. Ijumaa linafika, linanukia duka zima, kila mteja anauliza bei. Jumatatu unalitupa. Pesa yako ya kwanza unanunua mchele. Mchele unakaa." Mkewe akasema, "Papai hili umelilisha mwenyewe." "Nitalipata zamu ya pili," akasema Kanti. "Hawa hawajui thamani yake. Terry hajui hata kutamka jina lake." Mama Nila akashika kiuno. "Na haya yote unayasema mbele yao?" "Mbele ya nani? Terry amejua Kiswahili lini?" Mama Nila akatuelekezea mwiko. Kanti akaingiza kichwa katika lile tundu. Akaniona mimi na sahani yangu, akamwona Juma na kiazi chake. Tulitazamana watatu. Kisha akakivuta kilango taratibu kikafunga, na kwa upande wa pili nikamsikia akimtaja Juma kwa Kiingereza, kwa sauti kavu. Hapo hapo Terry, kocha wa mashariki, mtu wa sauti ya mlio wa gari la zima moto, akasema: "Basi mimi namchukua yule mweusi mwembamba. Zi. Zi-nani-sijui." Juma aliacha kumenya. "Yakhe," akaniambia kwa sauti ya chini, "sasa wewe u kwao, na maneno yetu wayajua yote. Mhindi huyu kahesabu miguu, kasahau masikio."

Kosa hilo sikulitilia maanani siku ile. Nilikuwa nawaka. Nilikula bajia za Mama Nila kwa hasira, naye akaniongezea bila kusema kitu, na nikaondoka na Terry kwenye gari lake lenye harufu ya mbwa. Terry hakuniuliza nasema lugha gani. Alijua natoka Zaire, akaamua mimi ni Mfaransa, na mwaka mzima alinisalimia kwa neno moja la Kifaransa alilolijua. Lakini alinitaka. Alinikabidhi mpira shambulio la kwanza la mechi ya kwanza, na la pili, na la tatu. Alipowaona wenzangu wanachoka aliwabadilisha, mimi hakunibadilisha. "Wewe ni chaguo langu la kwanza, Zi," alikuwa akiniambia, nami niliposikia maneno hayo ningeweza kupenya ukuta. Jumatatu nilikuwa nashuka ngazi za nyumba ya wazee kwa makalio, ngazi moja moja, kabla wenzangu hawajafika kazini. Nilifunga goti la kulia kwa bendeji ya wagonjwa. Duka la Tooting sikulikanyaga tena, ingawa mara mbili nilipita mbele yake nikiwa juu ghorofani mwa basi, na mara zote mbili nilimwona Kanti akipanga mapapai yake kwa mikono miwili.

Ninapobishana na mwanangu kuhusu wakimbiaji nakumbuka miezi ile. Yeye hunionyesha kwenye kompyuta jinsi timu fulani ilivyomchukua kijana mapema ikajuta, na nyingine ilivyomwokota mwingine mwishoni ikafaulu. Anasema kweli. Mkimbiaji bila watu wa kumfungulia njia ni mtu anayegonga mlango uliofungwa. Lakini nimeona pia jambo ambalo Kanti hakulisema siku ile, labda hakulijua. Ukimchukua mtu mapema, inakubidi umtumie sana, la sivyo watu watakuuliza kwa nini ulimchukua. Papai ulilolinunua ghali unataka liliwe mpaka ganda. Terry hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu anajithibitishia kwamba hakukosea. Tena swali lenyewe siku zote huulizwa na mnunuzi. Je, inafaa? Inamfaa nani? Sijamsikia hata mmoja akiliuliza papai. Mimi ningelijibu kwamba ndiyo, nichukueni mapema, sasa hivi, maana miguu hii ninayo leo na kesho siijui, na mkinisubirisha mpaka zamu za mwisho mtakuwa mmenila bure. Hivyo ndivyo nilivyoamini nikiwa kijana, na sehemu yangu moja inaamini hivyo bado.

Katika nusu fainali tulipangiwa timu ya Kanti. Wiki ile Terry aliniambia kwamba timu ya kulipwa iliyokuwa ikicheza London majira ya machipuko ingetuma watu wawili kutazama, maana kila mwaka ilichukua vijana wachache wa hapa hapa. "Wanakuja kukuona wewe," alisema. Kazini niliweka mashuka ya rangi pamoja na meupe, wazee wakalala wiki nzima katika mashuka ya waridi. Siku ya mechi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na wale watu wawili walikuwepo kweli, wamesimama nyuma ya kamba na kofia zao zenye nembo, wakinywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Ng'ambo ya uwanja alikuwepo Kanti na sweta lake la kahawia chini ya koti la mvua. Timu yake ilipopata mpira, akaanza. Kushoto! Nyuma ya mnene! Nami nilikuwa nimekaa benchi upande wa Terry, nasikia kila kitu. Kabla hawajasogea nilijua wanakokwenda. Neno lilinifika mpaka kwenye meno, nikalimeza, likarudi tena. Kanti hakubadilisha hata neno moja, na hakunitazama. Sikujua kama amesahau kwamba nipo, au ananijua kuliko ninavyojijua. Nilijiambia kwamba Terry akiniuliza nitasema. Terry hakuniuliza, mimi nilikuwa Mfaransa wake.

Kipindi cha tatu, tukiwa karibu sawa, nilipewa mpira nikapita katikati. Juma, ambaye katika timu ndogo kama ile alicheza kushambulia na kulinda pia, akanikuta. Aliniangukia mzima mzima. Nilihisi goti likienda mahali ambapo goti haliendi, kisha likarudi. Juma alinyanyuka haraka kuliko mtu wa ukubwa wake anavyopaswa kunyanyuka, akaliangalia goti langu, akageuka kumtazama Kanti. Upande wangu Terry alikuwa akipiga kelele: inuka, Zi, inuka, wanakuangalia! Na wale wa kofia walikuwa wananiangalia kweli. Niliweka kiganja kwenye tope nijisukume. Ndipo ikaja ile sauti ya ng'ambo, ile iliyowafokea wapakuaji. "Zihi! Baki chini! Usiinuke, mwanangu, goti limeachia! Ukikimbia tena umekwisha! Baki chini!" Sikufikiri. Ningefikiri ningeinuka. Mwili ulisikia lugha iliyoulisha, ukalala. Mvua ilinidondokea usoni kupitia vyuma vya kofia, na nilipokuwa nimelala hivyo nikaanza kulia, si kwa maumivu, bali kwa sababu nilijua wale watu wawili wamekwisha kuondoa macho.

Walinibeba mpaka benchi. Terry akachuchumaa mbele yangu, uso mwekundu. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona mtu akifokewa maneno ya ajabu kutoka upande wa pili, na mchezaji wake akiyatii. "Unaielewa lugha ile," akasema. "Miezi yote hii! Wanasema nini? Niambie wanasema nini." Nilimtazama. Goti lilikuwa likivimba ndani ya bendeji, ndoto yangu ilikuwa imegeuza macho nyuma ya kamba, na mtu aliyenikataa kwa ajili ya mchele ndiye aliyekuwa ameniangusha mara ya pili kwa mdomo wake. Nilikuwa na kila sababu. "Wanasalimiana tu, kocha," nikasema. "Kwetu salamu ni ndefu." Terry alinikazia macho, akaondoka akitukana. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulielewa kabisa: Kanti akaanza kutoa maelekezo kwa Kiingereza. Left! Middle! Wait! Vijana wa Terry wakageuziana nyuso kwa furaha, wakaanza kumkamata kila aliyeshika mpira kabla hajapiga hatua. Timu ya Kanti ikashindwa vibaya. Mwishoni wale wa kofia walimwita mchezaji mmoja wa Terry pembeni wakazungumza naye. Hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mmoja wa wale wakubwa walionifungulia njia.

Ni Kanti aliyenipeleka hospitali, kwa gari lake la mizigo, nimenyoosha mguu juu ya katoni za giligilani. Daktari alisema nyuzi za goti zimevutika sana ila hazijakatika, na kwamba kukimbia zaidi kidogo tu kungezikata. Nilisikia, sikutaka kusikia. Tulipokuwa njiani kurudi Lewisham nilimuuliza, kwa Kiswahili changu cha kwetu, bila adabu ya kutosha: "Baba Kanti, ulinilalisha pale kwa sababu ya goti ao kwa sababu ulitaka kushinda?" Vipangusa vioo vilikuwa vinalia. "Tumeshindwa," akasema. "Hukuona?" Nikamwambia kushindwa si jibu. Akatabasamu upande mmoja, kama anayepunguziwa bei. "Mwenye duka hasemi bei aliyonunulia," akasema, akaendesha mpaka mlangoni kwangu, akanishusha kwa kunishika kiuno. Nikamshukuru kwa ubaridi. Tangu hapo tulikutana kwa nadra, kwenye harusi au barabarani, tukaulizana hali. Goti lilipona. Nilitoka kwenye mashuka, nikasomea kazi ya kuwahudumia wazee, na nimewainua na kuwalaza kwa miaka yote hii. Mpira sikuucheza tena. Jibu lake nilikuwa nimejitungia mwenyewe: alitaka kushinda, akashindwa, na ilimstahili.

Basi nikaenda msibani Stanmore, siku hizi unabadilishia Canary Wharf. Kanisani kwetu msiba ni suti nyeusi, nikavaa nyeusi, nikaingia katika sebule ambamo kila mtu alikuwa amevaa nyeupe. Makochi yalikuwa yametolewa, shuka nyeupe zimetandikwa sakafuni, picha ya Kanti imevishwa shada, naye humo amevaa sweta la kahawia lile lile. Juma ndiye pekee aliyekuwa juu ya kiti, kando ya lile tundu la ukutani. Alikuwa amenenepa, ndevu nyeupe, mkongojo mapajani. Magoti yake yote mawili yamebadilishwa, ya chuma, na bado hayamtii. "Mimi ndiye mchele," akaninong'oneza nilipoketi sakafuni karibu naye. "Nambie, mchele umekaa?" Kila mtu humsikitikia mkimbiaji kwa sababu anaanguka hadharani. Wale wanaosukumana katikati huvunjika kidogo kidogo, bila kutazamwa na yeyote, na hata Kanti, kwa akili zake zote za stoo, hilo lilimpita. Nilikuwa natafuta la kumjibu Juma pale alipokuja mjukuu wa Kanti, Mira, msichana wa sekondari, na trei ya chai. Akaniangalia suti. "Wewe ndiye papai?" akaniuliza kwa Kiingereza, neno papai tu likiwa la Kiswahili. "Yule aliyemfanya babu ashindwe nusu fainali?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilikuwa benchi." Msichana akainua mabega akaenda zake na trei. Nikamgeukia Juma. Alikuwa ananishangaa. "Hukuwahi kuambiwa?" akauliza. "Wallahi Mhindi yule ana siri! Siku ile alipokwisha kukupigia kelele, katukusanya. Akasema, Kiswahili kimekwisha. Yule kijana yuko kwao, na sasa wameshajua kuwa anasikia. Kuanzia sasa Kiingereza. Mimi n'kamwambia, Bwana Kanti, mwombe asiseme, si mtoto wako yule? Akanambia, siwezi kumwomba na hilo tena. Ana timu yake. N'kamuuliza, basi kwa nini ukapiga kelele? Si ungemwita kwa Kiingereza? Unajua kanijibu nini? Akanambia, yule mwenzangu anamwita kwa Kiingereza ainuke. Angenisikia vipi?" Juma akapangusa uso kwa kiganja. "Ndiyo silaha peke yake tuliyokuwa nayo, yakhe. Kaitoa pale pale, kwa goti lako."

Sebule ilikuwa imejaa watu na mimi nilitaka kusimama, kutoka, kutembea mpaka mwisho wa barabara. Nilibaki nimeketi. "Juma," nikasema, "Terry aliniuliza mnasema nini. Nilimwambia mnasalimiana." Hakuelewa mara moja. Nikarudia: sikumwambia kitu, wala siku ile wala baadaye. Juma alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka kicheko kilichomtoka tumboni, ndani ya nyumba ya msiba, mpaka watu wakageuka na mkongojo ukaanguka. Mama Nila akaja, amejikunyata katika sari yake nyeupe, akauliza kulikoni. Juma akamweleza, akikatizwa na kicheko na machozi yake mwenyewe. Mama Nila akaigeukia picha yenye shada, akasema nayo kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kupitishia achari: "Umesikia wewe? Hakusema. Ungeendelea tu na kelele zako, mngeshinda." Akanishika kichwa kwa mkono mmoja, kama mtu anayepima papai, akaenda kuwapokea wageni wengine.

Hoja zangu zote, zile za kazini na za kunyoa ndevu, nilizitafuta sikuiona hata moja. Alasiri ilikuwa imefika na Juma alitaka chumba cha kuswalia. Akajaribu kuinuka, akarudi kitini, akajaribu tena, akanitazama kwa aibu. Nikapiga goti la kulia sakafuni, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake kama tunavyowafanyia wazee, nikamwambia anihesabie mpaka tatu. Nikainuka naye, uzito wote ule, na goti halikulalamika.